Kabla ya kukichoma kitabu, tumsikilize mtoto aliyekisoma

 

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba mwezi wa Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania, kwa tamko la Waziri wake, Profesa Adolf Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike katika shule za nchi hii, kwa hoja kwamba vinakwenda kinyume na maadili, mila na desturi zetu. Miongoni mwa vilivyotajwa vilikuwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, shajara ya kubuni ya mvulana wa Kimarekani aitwaye Greg Heffley, ambayo Jeff Kinney alianza kuitoa kitabuni mwaka 2007 na ambayo imeuzwa duniani kwa mamia ya mamilioni ya nakala. Tamko lile lilipokewa vyema katika misikiti yetu, na sisi tulikuwa miongoni mwa walioliunga mkono. Dola inayojali malezi ya watoto ni neema, na pale inapostahiki sifa hatuoni haya kuisifu, ingawa wasomaji wa siku nyingi wanajua kuwa hatufanyi hivyo kila mwezi.

Hata hivyo, katika maneno mengi yaliyosemwa wakati ule, mimbarini, redioni na barazani, liko moja ambalo hatukulisikia: watoto wenyewe walisemaje? Vitabu vile havikuwa vikisomwa na Waziri wala na makhatibu. Vilisomwa na watoto wa miaka minane hadi kumi na mitatu, wakavicheka, wakaviazimana, wakavikariri. Hakuna aliyewauliza wamevipendea nini. Na matokeo yake yanajulikana na kila mwalimu: jina la kitabu ambalo hapo kabla lilijulikana katika shule chache za Kiingereza likawa midomoni mwa watoto wa kila mtaa.

Afisi ya jarida hili imo ubavuni mwa msikiti, na kwa hiyo kila Ijumaa, watu wakishatoka kwenye swala, hutujia wazazi wenye haja mbalimbali. Katika miaka hii michache wamekuwa wakituletea vitabu. Baba hutoa kwapani kitabu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka mezani kwa ncha za vidole, akauliza: "Masheikh, hiki nikichome au nikitupe?" Tukimuuliza ndani mna nini, hutuonesha jalada. Tukimuuliza mtoto amekisemaje, jibu ni lile lile: "Sikumuuliza, nilimnyang'anya."

Tusieleweke vibaya. Viko vitabu ambavyo Mwislamu hana la kushauriana juu yake: vinavyopamba zinaa na ulevi, vinavyokejeli Mitume, vinavyomtukana Muumba. Hivyo huondolewa nyumbani kama inavyoondolewa sumu kabatini, na mtoto wa miaka tisa hapigi kura. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, tuzikinge nafsi zetu na ahali zetu na Moto, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga atakayeulizwa juu ya alichokichunga. Hilo halina mjadala. Mjadala wetu ni juu ya vitabu vilivyo vingi zaidi, visivyokuwa sumu wala asali, ambavyo watoto wetu wanavikuta katika maktaba za shule, katika vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini kandokando ya barabara za mjini, na siku hizi katika simu za wazazi wao.

Kadhia yenyewe si ngeni. J. K. Rowling, mwandishi wa Uingereza, alitoa kitabu cha kwanza cha Harry Potter mwezi wa Juni 1997 na cha saba mwezi wa Julai 2007. Vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 500 na kutafsiriwa katika makumi ya lugha, Kiarabu kikiwamo, kwa kazi ya wachapishaji wa Nahdet Misr wa Misri. Mwaka 2002 Umoja wa Falme za Kiarabu ulikiondoa Harry Potter shuleni pamoja na vitabu vingine kadhaa. Wala si Waislamu peke yao waliochukizwa. Jumuiya ya Maktaba ya Marekani, ambayo huweka kumbukumbu za vitabu vinavyolalamikiwa, iliuweka mfululizo huo juu kabisa ya orodha yake ya miaka ya 2000 hadi 2009, na miongoni mwa waliolalamika walikuwamo wazazi wengi wa Kikristo. Hofu ya wote ilikuwa moja: mtoto ataupenda uchawi.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Watoto waliovisoma vitabu vile mwaka 2000 leo ni watu wazima. Wamo wauguzi na wahasibu, na baadhi yao tunaswali nao safu moja. Hatujakutana na hata mmoja aliyetoka katika kurasa zile akaingia kwa mganga. Tunaokutana nao wanakumbuka jambo jingine kabisa: kwamba mvulana yule alikuwa yatima, akilazwa katika stoo ya chini ya ngazi na jamaa wasiompenda, kisha siku moja ikaja barua yenye jina lake. Muulize mtoto kilichomshika katika kurasa za mwanzo, atakutajia stoo na atakutajia barua. Uchawi huja nyuma. Na mtoto wa Kiislamu ambaye moyo wake umeumia kwa ajili ya yatima wa kubuni amekwisha kufika kwenye kizingiti cha Suratudh-Dhuha na Suratul-Ma'un. Anayekosekana ni mtu wa kumshika mkono akamwingiza.

Tutatoa mfano mmoja wa namna tunavyowapoteza. Mtoto wa miaka kumi, katika madrasa ambayo hatutaitaja, alimuuliza maalimu wake: fimbo ya Harry na fimbo ya Nabii Musa (a.s.) zina tofauti gani? Hakuwa na kejeli. Jumamosi alikuwa amesoma kitabu chake nyumbani, Jumapili akasomeshwa kisa cha Musa na Firauni, akaona vitu viwili vinavyofanana, akauliza kama akili aliyopewa na Mola wake ilivyomtuma. Alichapwa, akatolewa nje ya darasa, kwa kosa la kufananisha muujiza na sihiri. Mama yake ametueleza kwamba tangu siku ile haulizi kitu madrasani, na kwamba kitabu anaendelea kukisoma. Anakificha chini ya mto.

Ni swali gani jingine ambalo mwalimu wa tauhidi angetamani aulizwe? Jibu lake limo katika Suratu Taha na Suratul-A'raf. Wachawi wa Firauni walitupa kamba na fimbo zao, macho ya watu yakahadaika. Fimbo ya Musa ikavimeza walivyovizua. Na wa kwanza kuitambua tofauti hawakuwa watazamaji bali wachawi wenyewe, kwa sababu fundi huijua kazi ya fundi mwenzake, nao waliona dhahiri kwamba hii si kazi ya fundi yeyote, wakaanguka kusujudu. Fimbo ya yule mvulana wa kitabuni hutenda kwa maneno anayoyatamka yeye. Fimbo ya Musa, kwa maelezo yake mwenyewe mbele ya Mola wake, ilikuwa ya kuegemea na ya kuwapukutishia kondoo majani. Haikufanya lolote zaidi ya hapo ila kwa amri. Mtoto aliyeelezwa hivyo hatasahau maishani mwake muujiza ni nini na sihiri ni nini, na atakuwa amesaidiwa kulifahamu somo na kitabu kile kile tulichotaka kukichoma. Kisha asomeshwe aya ya 102 ya Suratul-Baqara, ajue kwamba sihiri ipo, kwamba mafundisho yake ni ya mashetani, na kwamba haimdhuru mtu ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Na asomeshwe hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoitaja sihiri mara tu baada ya shirki katika mambo saba yenye kuangamiza. Qur'ani haikuwaficha watoto wetu kwamba kuna wachawi. Sisi ndio tunaoogopa kulitaja neno.

Na hapa tuseme wazi, hata kama yuko atakayechukia. Baba anayekiunguza kitabu cha Harry Potter asubuhi, na jioni akamfunga mwanawe hirizi kiunoni, amemfundisha uchawi mtoto huyo kuliko Rowling na wachapishaji wake wote. Kitabu kinasema mchezo. Hirizi inasema kweli: kwamba kuna karatasi iliyokunjwa ndani ya ngozi inayokulinda pale ambapo Mola wako hakulindi. Katika nchi yetu, kuanzia mwaka 2007, ndugu zetu wenye ualbino walikatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya imani hizi, hata mwaka 2009 Serikali ikafikia kufuta leseni za waganga wa jadi. Vikongwe walikuwa wakiuawa tangu zamani kwa wekundu wa macho waliyoyachosha kwa moshi wa jikoni. Waliofanya hayo hawakuwa wasomaji wa riwaya za Kiingereza. Walilelewa katika nyumba ambazo uchawi haukuwa hadithi bali hesabu ya kila siku: nani kamroga nani, na mganga anataka kiasi gani. Tukitaka kuwalinda watoto wetu na sihiri, tuanze na viuno vyao na milango ya nyumba zetu, kisha ndiyo twende kwenye begi la shule.

Wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana juu ya hadithi za kubuni kwa jumla. Wako waliozizuia kwa kuwa ndani yake mna mambo yasiyotokea, na wako walioziruhusu maadamu msomaji anajua ni za kubuni na hamna ndani yake la haramu. Sisi tunaelekea kwa hawa wa pili, na sababu yetu ni kisa kilichomo katika Sunan ya Abu Dawud. Mtume (s.a.w.) alirejea kutoka katika vita, vya Tabuk au vya Khaybar, mpokezi ana shaka. Upepo ukalifunua pazia, akaviona vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha (r.a.), na katikati yake farasi mwenye mabawa ya vipande vya nguo. Akamuuliza ni nini hiki, na farasi ana mabawa? Naye akamjibu kwa kumuuliza kama hakusikia kwamba Nabii Sulaiman (a.s.) alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume (s.a.w.) akacheka mpaka yakaonekana magego yake.

Tunawaomba masheikh wetu na wazazi wakae kidogo na kisa hiki. Aliyekuwa akiuliza ni mbora wa viumbe, ametoka safarini kwenye jihadi, amebeba mambo ya umma mzima. Hakukikanyaga kitu kile wala hakukipita. Aliuliza, akaulizwa, akasikiliza, akacheka. Na katika Sahihi ya Bukhari imekuja kwamba alikuwa akimwita mdogo wake Anas kwa jina la heshima la mtu mzima, Abu Umayr, na kumuuliza habari za kindege chake. Kindege! Sisi tunadai kufufua Sunna katika ndevu na katika urefu wa kanzu, na ni haki yetu kufanya hivyo. Sunna ya kumuuliza mtoto habari za kindege chake tumeiacha wapi?

Kwa kuifuata, mwezi uliopita tuliwaomba watoto wa darasa letu la jioni, wa miaka tisa hadi kumi na mitatu, walete vitabu wanavyovipenda, kwa ahadi kwamba hapana atakayenyang'anywa. Iliwachukua wiki mbili kutuamini. Wiki ya kwanza wote walileta juzuu Amma. Wiki ya pili ukaja mkoba mzima.

Tulianza na yule Greg aliyepigwa marufuku. Tulitaraji kuwasikia wakimsifu. Binti wa miaka kumi na mmoja alitueleza, bila ya kusukumwa, kile kituko ambacho Greg anawatisha watoto wadogo, lawama ikamwangukia rafiki yake Rowley, naye akanyamaza. "Hiyo ni dhulma," alisema, "na mimi ningetaka rafiki kama Rowley." Wenziwe wakakubali. Walikuwa wakimcheka Greg kama babu zao walivyowacheka Abunuwasi na Sungura, wakijua vyema kwamba ni mwongo. Kuna jambo lakini ambalo hakuna hata mmoja aliyeliona: katika kitabu kile, baba na mama ni vizingiti tu vya kurukwa, na anayewaruka ndiye mjanja. Hilo halina kelele, kwa hiyo linapita. Hapo ndipo mtu mzima anapohitajika, na hawezi kulionesha ikiwa hakukisoma.

Kitabu kilichowashika zaidi kilikuwa Matilda cha Roald Dahl, cha mwaka 1988. Dahl si mgeni wetu kamili: alifanya kazi katika kampuni ya mafuta Dar es Salaam mwaka 1938 na 1939, akajifunza Kiswahili, na maisha yake ya huku ameyaandika. Kisa chake ni cha msichana mdogo mno anayependa kusoma, mwenye wazazi wanaokidharau kila kitabu, na mwalimu mkuu mkatili anayemrusha mtoto kwa kumshika misuko ya nywele. Hapo darasa zima liliangua kicheko. Tulipouliza wanacheka nini, mvulana mmoja alisema: "Namjua." Hakutaja jina, nasi hatukumlazimisha. Kisha akaja mdogo kuliko wote na swali lake. Baba yake Matilda alikichana kitabu cha maktaba. Je, alikilipa? Tulitazamana, sisi watu wazima watatu tuliokuwapo. Watoto wale wanawajua baba zao, na wanajua kwamba vitabu vingine vilivyochomwa vilikuwa na muhuri wa shule.

Tuliwasimulia pia jambo ambalo hawakulijua. Katika kitabu kingine cha Dahl, Charlie and the Chocolate Factory, kilichotoka mwaka 1964, vibarua wafupi wa kiwanda cha chokoleti walikuwa Waafrika weusi walioletwa kutoka msituni, wanaofanya kazi kwa malipo ya kakao. Watu weusi wa Marekani walilalamika, na katika toleo la mwaka 1973 Dahl aliwageuza wakawa weupe wa nchi ya kubuni. Watoto walinyamaza kidogo. Halafu binti yule yule wa dhulma akauliza kama waliolalamika walikichoma kitabu. Tukamwambia kwamba walikisoma, wakaandika, na mwandishi akakibadilisha kwa mkono wake. Tuliona likimwingia.

Mwisho tuliwauliza: katika vitabu hivi vyote mlivyovileta, ni nani anayefunga Ramadhani? Walifikiri kweli kweli, wakipekua. Hakuna. Nani anavaa ushungi? Hakuna. Nani anaitwa Zaynabu au Juma? Mtoto wa miaka tisa akasema, kwa mshangao wala si kwa malalamiko: "Kwani sisi huwamo vitabuni?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuiandike tahariri hii. Mwaka 1990 Profesa Rudine Sims Bishop wa Marekani alieleza kwamba kwa mtoto kitabu ni dirisha la kuwaonea wengine, na pia ni kioo cha kujionea mwenyewe, na kwamba asiyekiona kioo hujifunza kuwa hana thamani kwa watu wanaomzunguka. Watoto wetu wamejaa madirisha. Kioo hawana, na wanaoyatengeneza madirisha hayo hawakuwa wakiwafikiria. Kituo kimoja cha elimu ya usomaji cha London, CLPE, kilipovikagua vitabu vya watoto vilivyochapishwa Uingereza mwaka 2017, katika 9,115 ni asilimia 4 tu vilivyokuwa na mhusika yeyote asiye mzungu, na asilimia 1 ndivyo vilivyomfanya kuwa mhusika mkuu. Hao ndio weusi, Wahindi na Waarabu wote kwa pamoja. Mtoto wa Kiislamu wa Temeke au wa Mombasa atakuwa wapi katika hesabu hiyo? Tulipowapa watoto wetu karatasi waandike kisa chao wenyewe, wengi wa mashujaa wao waliitwa Tom na Lucy, na katika kisa kimoja familia ya Mbagala ilikaa sebuleni ikiota moto kwa ajili ya baridi. Wasomaji wa Mbagala watatusamehe kwa kucheka.

Baadhi ya Waislamu wa Magharibi wameliona pengo hili wakaanza kuliziba. Mwaka 2015 Reem Faruqi aliandika Lailah's Lunchbox, kisa cha msichana anayefunga Ramadhani katika shule ya Marekani ambako wenzake wanakula. Mwaka 2016 wachapishaji wakubwa wa Simon & Schuster walianzisha tawi la vitabu vya watoto wa Kiislamu, Salaam Reads. Mwaka 2019 Ibtihaj Muhammad, mwanamichezo wa Olimpiki anayevaa hijabu, pamoja na S. K. Ali, walitoa The Proudest Blue, juu ya siku ya kwanza ya msichana kwenda shule akiwa na hijabu yake. Vimeandikwa kwa Kiingereza, vinawahusu watoto wa Kimarekani, na bei yake si ya mfuko wa mvuvi. Lakini vimeandikwa.

Vya kwetu viko wapi? Tusijidanganye kwa kutaja vijitabu vinavyouzwa mlangoni mwa msikiti. Vina elimu, na waandishi wake Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini vimeandikwa kana kwamba mtoto ni mtuhumiwa. Kila kisa cha Mtume kinakatizwa na onyo, kila ukurasa unamalizika kwa swali la mtihani, na picha iliyomo ni ya jalada peke yake. Tulimpa mmoja wa watoto wale kijitabu cha namna hiyo, akakisoma chote kwa adabu, akakirudisha. Tulimuuliza amekionaje. "Kizuri," alisema, "ila kinanigombeza." Na chanzo chetu ni Kitabu ambacho ndani yake Mwenyezi Mungu amekiita kisa cha Yusuf (a.s.) kuwa ni katika masimulizi mazuri kabisa: kuna wivu wa ndugu, kisima, ndoto, gereza, na baba anayesubiri mpaka macho yanapofuka. Inahitaji bidii kubwa mtu kukichukua kisa kama hicho akakifanya kichoshe.

Wala kuandika kwa ajili ya watoto si bidaa iliyotoka Marekani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha As-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, majarida ambayo sisi wa jarida hili ni wajukuu zake. Mwanachuoni wa kiwango kile, aliyeweza kuandika kwa Kiarabu akasomwa na wanazuoni wenziwe tu, alikaa chini akaandika Hidayatul-Atfal kwa ajili ya watoto wadogo. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani ilitoka Nairobi mwaka 1969, aliandika vitabu vyepesi vya kufahamika na mtu wa kawaida kwa lugha ambayo mpaka leo haijachuja. Hawakungojea wafadhili. Leo tuna vijana waliosoma Madina, Khartoum na Dar es Salaam, tuna wachoraji, tuna mitambo ya uchapishaji ambayo Sheikh al-Amin hakuiota, na kazi tuliyoichagua ni kukagua mabegi.

Kwa hiyo jumuiya imeazimia yafuatayo, na mengine yatakuja kwa kadiri ya uwezo. Katika kila tawi walimu wawili, mwanamume na mwanamke, watasoma vitabu wanavyovisoma watoto wa mtaa wao, wavisome mpaka mwisho, na mzazi mwenye shaka atawauliza hao kabla ya kuwasha kiberiti. Sanduku la vitabu litawekwa madrasani, na kitabu kinachoingia humo kitakuwa kimejadiliwa na watoto wenyewe mbele ya mwalimu. Na jarida hili linatenga ukurasa mmoja kuanzia toleo lijalo kwa visa vya kubuni vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto, vya watoto wa huku, wenye majina ya huku, wanaofunga, wanaokosea, wanaochezea mpira barabarani baada ya chuo. Mwandishi atakayetuletea kisa chenye maonyo matatu katika ukurasa mmoja tutamrudishia kwa heshima.

Kikao cha wazazi na watoto kitakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya swala ya alasiri, katika chumba cha chini cha madrasa. Mzazi aje na mtoto, na mtoto aje na kitabu akipendacho, kisifungwe gazetini. Yule mvulana wa fimbo ya Musa tumemwalika pamoja na mama yake. Maalimu wake naye, Mwenyezi Mungu amjaze kheri, amekubali kuja kulijibu swali.